Gari hufa kwa kukaa, santuri hufa kwa kupigwa

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, nakaa Langoni, Lamu. Ami yangu, Mungu amrehemu, alifariki mwaka jana akaacha nyumba Malindi. Uani kuna Peugeot 404 nyeupe chini ya turubai, haijawashwa miaka tisa sasa. Chumba cha juu, chini ya mabati, kuna makasha matatu ya santuri na gramafoni ya kukoroga. Ndugu zangu wanasema gari tuwaite watu wa vyuma chakavu, na santuri achukue atakaye. Mimi roho yaniuma, lakini mshahara ndio huu wa mwalimu. Nianze na kipi? Na je, naweza kuvileta Lamu? La mwisho: ndani ya gari, juu ya dashibodi, nimekuta santuri moja ndogo imejikunja kama ng'onda. Yaweza kunyoshwa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Nitajibu kirefu, maana uliyoyauliza nimeyalipia ada mwenyewe tangu mwaka 1974, niliponunua gari langu la kwanza, Volkswagen ya mgongo wa kobe iliyoacha doa la oili kila ilipolala. Tangu hapo sijakosa gari kuukuu uani wala santuri chini ya kitanda. Mke wangu husema hakuambiwa, siku ya posa, kuwa anaingia kwenye ukewenza na vyuma.

Anza na santuri. Tena wiki hii, kabla hujagusa turubai.

Si kwamba santuri zina thamani kuliko gari. Ni kwamba vitu hivi viwili huharibika kwa njia zinazopingana, na wengi wetu huvitunza kinyume. Gari huharibika kwa kukaa. Kila siku ambayo halikutembea, raba zinakauka, unyevu unatulia mahali pamoja, na kutu inakula bila kusumbuliwa. Santuri yaweza kukaa zaidi ya umri wa mtu na isipungue kitu, mradi mahali pawe sawa. Kinachoimaliza ni kupigwa, hasa ikipigwa kwa sindano chakavu na mtu aliyejaa furaha. Sasa tazama mlivyofanya kwenu, wala silaumu, ndivyo tulivyo sote: gari limelazwa miaka tisa, na nakisia kila mgeni aliyepanda chumba cha juu amekorogewa gramafoni asikie japo wimbo mmoja.

Gari likingoja mwezi mmoja zaidi halitabadilika sana. Chumba cha mabati hakingoji. Vinili huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60, lakini haihitaji kufika huko ili ipinde. Ikilazwa na mzigo juu yake, joto la Malindi la Februari na Machi chini ya bati latosha kabisa likipewa muda. Ushahidi ninao. Kuna mwaka nilitoka Mombasa na santuri 14 mpya machoni pangu, nikazilaza kiti cha nyuma, nikaegesha na kuingia kuswali Ijumaa. Baada ya swala nikakutana na jamaa wa siku nyingi, tukapiga soga kivulini. Niliporudi zilikuwa zimelalia kiti kama mtu aliyechoka, zimefuata hata bonde la katikati. Moja tu ilipona, kwa kuwa ilikuwa imeangukia chini ya kiti.

Basi ukifika, zishushe chumba cha chini kilicho baridi, kisha zigawe mafungu mawili. Za shelaki ni zile nzito na ngumu kama sahani ya udongo, nyingi zina upana wa sentimita 25, huzunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja hubeba kama dakika tatu tu za muziki. Hizi zikianguka, ni vigae. Za vinili ni nyepesi na zina unyumbufu kidogo: LP, zile kubwa za mizunguko 33, ambazo kampuni ya Columbia ya Marekani ilizileta sokoni mwaka 1948, na zile ndogo za 45 zilizotolewa na RCA Victor mwaka uliofuata. Usishangae ukikuta shelaki ya mwanamuziki unayemdhani wa juzi. Huku kwetu, na India pia, shelaki iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1960, kwa sababu gramafoni ya kukoroga haidai umeme, na nyumba zenye umeme wakati huo ulikuwa unazihesabu kwa vidole.

Kutofautisha mafungu haya si mapambo, ni kwa ajili ya spiriti. Shelaki ni utomvu unaotolewa na mdudu, ukachanganywa na unga wa mawe, nao huyeyuka kwenye spiriti. Niliwahi kumwona kijana mwenye nia njema kabisa akipangusa santuri ya taarabu ya kabla ya vita kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikatoka nyeusi, akafurahi, akadhani ni uchafu. Weusi ule ulikuwa wimbo wenyewe.

Njia yangu ni hii. Nunua maji ya betri pale kituo cha mafuta, yale maji matupu ya kuongezea, si asidi. Hayana chumvi wala chokaa. Tia tone moja la sabuni laini ya vyombo kwenye nusu lita. Chovya kitambaa laini, kamua, upanguse kwa kuzunguka na mifereji ya santuri, usikate kwenda katikati, na lebo usiilowanishe. Rudia kwa maji yasiyo na sabuni. Kisha zisimamishe kwenye kile kichanja cha kukaushia sahani jikoni, kivulini, usiku kucha. Ukiona unga mweupe kama ukungu, hiyo ni kuvu. Ipanguse nje ya nyumba na ujifunge kitambaa puani. Usijitie kusafisha makasha matatu siku moja. Mimi husafisha kumi, nikaacha.

Ukishamaliza, soma lebo kabla hujamruhusu mtu yeyote kuchukua. Jim Reeves, yule mwimbaji wa Marekani, utamkuta, hakosekani kwenye kasha lolote la pwani hii, wala hana bei. Nyimbo za filamu za Kihindi nazo zitakuwepo. Lakini zichunguze za hapa hapa. Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari mwaka 1928 wakaenda kurekodi Bombay kwa ajili ya kampuni ya HMV, ile ya lebo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Ukikuta shelaki ya Kiswahili yenye mbwa yule, keti chini kwanza, usije ukaiangusha. Kuna Fundi Konde, mpiga gitaa wa Kigiriama, mtu wa pwani yetu hii. Kuna lebo ya Mzuri ya Mombasa. Na usiyadharau makaratasi na kaseti zilizo chini ya kasha. Kaseti ziliposhika miaka ya 1970, taarabu ya pwani ilihamia huko, na harusi nyingi walizoimba Zein wa kwenu Lamu na Juma Bhalo ziko kwenye kaseti ambazo hazikuingia kiwandani hata siku moja. Santuri ya kiwandani huenda iko nakala nyingine Nairobi au London. Kaseti ya harusi ya shangazi yako iko hapo tu.

Kosa langu kubwa ni la mwaka 1989. Alikuja mnunuzi kutoka ng'ambo, mpole, anayejua Kiswahili cha salamu, akanunua shelaki zangu zaidi ya mia kwa bei ya jumla. Nilikuwa nadaiwa ada ya shule, nikaona nimeokoka. Alichukua kasha zima bila kusoma lebo hata moja mbele yangu, nami nikadhani hajui anachonunua. Kumbe alikuwa amezisoma jana yake nilipokwenda kumletea soda. Kwa hiyo akija mtu, muuzie moja moja, kwa jina, na uandike.

Gramafoni yenyewe ni nzuri, iweke, lakini ujue kazi yake. Kichwa chake hulalia santuri kwa uzito wa zaidi ya gramu 100, na sindano yake ya chuma ilitengenezwa iishe ili mifereji isiishe: upande mmoja, sindano moja, kisha tupa. Watu wetu walikuwa wakipiga sindano moja kuanzia Idi hata Idi. Ukiweka LP ya vinili chini ya kichwa hicho utaona nyuzi nyeusi zikitoka kama za msumeno. Za shelaki nazo, kama ni adimu, usizikorogee. Tafuta mashine ya umeme yenye mwendo wa 78, na sindano yake maalumu: mfereji wa shelaki ni mpana, hutaka ncha ya kama mikroni 75, ilhali ya LP ni kama 18 tu. Ukiipiga shelaki kwa ncha ya LP, ncha inatambaa chini kabisa kwenye uchafu, na utasikia mvua badala ya nyuzi za udi. Ipige mara moja kwa njia sahihi, uirekodi kwenye kompyuta, kisha irudishe. Ndugu zako wasikilize nakala kwenye simu mpaka wachoke.

Kuzileta Lamu inawezekana. Zisafiri zikiwa zimesimama wima, zimebanana kiasi, kila shelaki kumi zikitengwa kwa kadibodi. Mia moja za shelaki ni zaidi ya kilo 20, kwa hiyo usijaze kasha kubwa. Litapasuka chini pale Mokowe wapagazi wanapoliinua kuingiza botini. Kasha ulipakate wewe ndani ya basi. Barabara ya Garsen siku hizi ni lami, lakini dereva ni yule yule.

Nyumbani kwenu Langoni utavutiwa na zidaka za ukutani. Naona kabisa jinsi zitakavyopendeza, majalada yenye rangi ndani ya plasta nyeupe. Usifanye hivyo! Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa taratibu kwenye chokaa. Ndiyo maana chumba kina baridi tamu. Karatasi ya jalada italiwa na kuvu, na kilichobaki mchwa watamaliza. Zipange kwenye rafu ya mbao iliyo shubiri moja mbali na ukuta, ghorofa ya juu lakini si chini ya bati, mahali upepo unapita. Zisimame. Santuri iliyolazwa chini ya nyingine hamsini inabeba mzigo usio wake.

Sasa gari.

Kabla ya spana, mirathi. Kitabu cha gari bado kina jina la marehemu, na gari si lako wala si la ndugu anayepiga kelele zaidi. Ni la warithi. Mahakama ya Kadhi ipo Malindi na ipo Lamu, nendeni mkaandikiwe nani mrithi wa nini, ndipo jina libadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri. Nimeona gari likitengenezwa kwa pesa nyingi na mtu mmoja, likawaka, ghafla warithi wakaongezeka. Tengeneza baada ya karatasi.

Kisha chukua bisbisi kubwa ukalale chini ya gari. Peugeot 404 haina chesisi ya kando kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Kwa hiyo usitazame mudgadi wala boneti, hivyo ni nguo tu. Tazama vizingiti vya chini ya milango, sakafu ya miguuni, mahali jeki inapokaa, na ndani ya boneti pale juu zinapofungwa shokomzoba za mbele. Gongagonga na mpini wa bisbisi. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinajibu kama boksi. Ukisikia boksi, geuza bisbisi usukume kwa ncha. Ikiingia kwenye sakafu, fundi atakata na kuchomelea bati jipya, si ajabu. Ikiingia kwenye vizingiti vyote viwili na kule juu kwa shokomzoba, basi mwanangu gari limekwisha, hata kama rangi inang'aa, na hapo ndugu zako watakuwa sahihi kwa bahati. Hapo uza injini, milango, vioo, taa na gia kwa wenye 404 nyingine. Watakulipa kuliko anayepima kwa kilo.

Nakuonya kuhusu pati, ule ute wa kuzibia mashimo ya bodi. Nilipeleka 404 yangu, maana nami nilikuwa nayo, kwa fundi wa bodi mmoja hapa mjini, nikalipa nusu, nikaletewa gari linalometameta. Mvua za masika zilipokuja, kizingiti cha kushoto kikavimba kama mkate wa mofa. Ndani hapakuwa na bati. Palikuwa na gunia, magazeti na pati, imepigwa msasa vizuri sana, kazi ya mikono ya msanii. Tangu siku hiyo natembea na sumaku ya mlango wa friji mfukoni. Pitisha sumaku mahali pote palipotengenezwa. Pasiponata pana uongo.

Kama gari la ami yako ni la miaka ya zamani, litazame zaidi chini kwa nyuma. Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, kila safari ya Mombasa ilikuwa kushuka kwenye feri, na maji yakijaa magurudumu yanakanyaga maji ya chumvi kwenda na kurudi. Na nyumbani tukawa tunaosha gari kwa maji ya kisima! Visima vingi vya Malindi vina chumvi, unaiosha gari kwa bahari kwa ndoo. Osha kwa maji ya mvua au ya bomba yanayotoka Baricho, na uelekeze mpira chini, sio juu.

Lile turubai litoe. Najua ami yako alilifunika kwa mapenzi, lakini turubai la plastiki hufunga jasho la ardhi chini ya gari kila usiku, asubuhi jua linalipasha, na gari linapikwa kama wali wa kufunikiwa. Banda la makuti lililo wazi pande zote ndilo dawa, likiwa na sakafu ya saruji au hata mbao chini ya magurudumu. Likikosekana, shuka kuukuu ya pamba ni afadhali kuliko turubai jipya.

Sasa wataka kusikia linawaka. Vumilia. Jirani atakuja na betri ya tuktuk na nyaya, atasema hebu tujaribu. Mkatalie kwa adabu. Petroli ya miaka tisa imegeuka gundi. Ukifungua tangi utasikia harufu ya vanishi. Ikiingia kwenye kabureta umejipa kazi ya wiki. Mwaga yote, osha tangi, badilisha mipira ya mafuta. Ng'oa plagi nne, tia kijiko cha oili kila tundu, acha siku tatu, kisha zungusha injini kwa ule mkono wa chuma unaoingizwa mbele. Huwa umelala kwenye buti pamoja na jeki. Ikizunguka kwa mkono, ushukuru. Isipozunguka, usilazimishe kwa kuivuta na gari jingine, ongeza oili na subira.

Chomoa kijiti cha oili uone rangi. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Silinda za injini hii ya sentimita za ujazo 1,618 ni za kupachika, hukaa ndani ya maji ya kupozea, na raba zake za chini zikioza maji hushukia oili. Ni ubaya wenye uzuri ndani yake, kwani silinda hizo huchomolewa kama vikombe na kubadilishwa, bila kupeleka injini nzima kwa mchongaji. Utaona pia injini yenyewe imelala upande, nyuzi 45. Usishtuke wala usimwache kijana wa gereji akakwambia imeanguka. Ilitengenezwa hivyo kule Ufaransa mwaka 1960 ili boneti iwe fupi kwa kimo.

Breki usizijaribu kabla ya kubadilisha raba zote na maji ya breki. Maji ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu unaijua. Ndani ya silinda kuna kutu hata kama nje panang'aa. Magurudumu nayo: ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukiona 2308, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2008. Tupa, hata kama kashata zake zingali nzima.

Jambo moja ambalo mafundi vijana hawalijui ni difu ya 404, yaani gia ya ekseli ya nyuma. Ndani yake hamna meno ya kawaida. Mna skrubu ya chuma inayosukuma gurudumu la shaba. Oili za difu za siku hizi nyingi zina dawa ya salfa ambayo hula shaba. Peugeot yenyewe iliagiza oili ya asili ya mbarika. Fundi atakwambia oili ya difu ni oili ya difu. Mwambie ama aagize ile ya magari ya skrubu, isiyodhuru shaba, ama aiache ilivyo. Difu hiyo ikiungua hutaipata Kisumundogo wala Mombasa.

Kuhusu petroli, watakutisha kuwa gari la zamani linataka petroli yenye madini ya risasi. Risasi iliondolewa kwenye petroli ya Kenya tangu mwanzoni mwa 2006. Kichwa cha injini yako ni cha aluminiamu, na viti vya vali vilivyomo ni vya chuma kigumu vilivyopachikwa, kwa hiyo endesha bila hofu. Wenye Land Rover za petroli zenye kichwa cha chuma ndio wa kufikiri zaidi.

Na kwa nini uhangaike? Ndugu zako watauliza, na jibu lisiwe machozi tu. Waambie kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo hizi zilizobaki uani ndizo zilizobaki. Waambie kuwa Safari Rally ya 1963 walianza magari 84 wakamaliza 7, na ya 1968 wakaanza 93 wakamaliza tena 7, na mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki ndani ya 404. Katikati, 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania akashinda nayo pia. Wazee wa hapa waliosikiliza matokeo redioni walikuwa wakisema "Pijo haina tope", na ami yako bila shaka alikuwa mmoja wao.

Ila gari Lamu haliendi. Hata ukilivusha, litatembea wapi, na punda mkubaliane vipi? Liache Malindi kwa ndugu mwenye ua, na uweke sharti liendeshwe kila Ijumaa, nusu saa, mpaka injini ishike moto sawasawa. Kuwasha dakika tano na kuzima ni kulitia maji tumboni. Kwa mshahara wako, mwaka huu fanya karatasi, banda, mafuta na breki basi. Bodi mwakani. Rangi ndiyo ya mwisho kabisa, japo ndiyo kila mtu atakayotaka uanze nayo.

Nimebakisha ile ya dashibodi. Umesema ni ndogo, na hilo limenikosesha usingizi kidogo. Kupiga santuri ndani ya gari si mzaha: Chrysler kule Marekani walitia mashine ya santuri kwenye magari yao mwaka 1956, na Philips baadaye wakauza yao iitwayo Auto-Mignon, kisanduku cha kufunga chini ya dashibodi chenye mdomo mwembamba kama wa sanduku la barua, unasukuma santuri ya 45 inamezwa na kuimba huku gari linakwenda. Hebu piga magoti uangalie chini ya dashibodi, upande wa abiria. Ukiuona mdomo huo, usimruhusu mtu yeyote kufungua skrubu mpaka nije mwenyewe.

Ama santuri yenyewe, kuinyosha ni vigumu. Watu huibana kati ya vioo viwili na kuianika. Nimejaribu mara mbili. Moja ilinyooka, lakini mifereji ilikuwa imefutika, ikawa kama sahani ya chai, na nyingine iligandana na kioo. Iache ilivyo. Lakini kwenye ule ukanda mtupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo kuna nambari imekwaruzwa kwa mkono, nyembamba sana. Iinamishe kwenye mwanga utaiona. Ninakilie nambari hiyo na jina la lebo, uniandikie. Nina za 45 mia tatu na kitu hapa, na si ajabu nikawa na ndugu yake aliyenyooka.